Haki ya Picha Kuukuu

Picha ni shahidi asiye na ulimi. Hatamki neno, walakini watu humsadiki kuliko wasemaji wengi. Kwa sababu hiyo, mtu anayemtengeneza shahidi huyu amejitwika kazi yenye hatari kubwa kuliko inavyoonekana. Swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: picha kuukuu inapoharibika, sisi tunaoitengeneza tuna haki ya kubadili nini, na ni kitu gani hatuna haki ya kukigusa?

Swali hili lilinijia mezani pangu mjini Kakamega, nilipoletewa sanduku la bati lenye slaidi 72. Mwenyewe alikuwa mwalimu ambaye katika miaka ya 1960 alipiga picha kwa mapenzi tu, si kwa ujira. Alipokwisha kufariki, jamaa zake walisikia kwamba mimi hujishughulisha na kamera na kompyuta saa za mapumziko, wakanitaka nizihuishe picha zake.

Huenda wewe hujapata kuona slaidi. Ni kipande kidogo cha filamu kilichopachikwa katika fremu ya karatasi ngumu au ya plastiki. Ukikiinua mbele ya mwanga, huonyesha rangi kama zilivyokuwa siku ya kupigwa. Zamani watu walikitia katika projekta, picha ikaangukia shuka nyeupe ukutani, na majirani wakakusanyika kutazama. Rangi zake zimelazwa katika matabaka matatu: la manjano, la nyekundu ya zambarau na la samawati. Matabaka hayo yakiwa na afya, rangi zote za ulimwengu hupatikana ndani yake. Moja likidhoofika, picha nzima huugua.

Ugonjwa huo una njia nyingi. Filamu ya Kodachrome, iliyotolewa na kampuni ya Kodak mwaka 1935, hustahimili miaka mingi gizani, bali huchujuka upesi ikikaa katika mwanga mkali wa projekta. Filamu za Ektachrome za zamani, zilizoanza katika miaka ya 1940, hupoteza rangi hata zikifungiwa sandukuni. Aghalabu samawati hutangulia kufa, na picha hubaki nyekundu kama vumbi la barabara wakati wa ukame. Isitoshe, Kakamega ni nchi ya mvua nyingi. Unyevu unaotustawishia mahindi na chai ndio unaostawisha kuvu juu ya filamu, maana utando wa filamu ni gelatini inayotokana na mifupa na ngozi za wanyama, na kuvu huiona ni chakula.

Nilianza kwa majaribio, kama afanyavyo mtu asiye fundi. Kwanza nilitandika karatasi nyeupe juu ya kioo chenye taa chini yake, nikaweka slaidi hapo, nikaipiga picha kwa simu. Baadaye nilipata kuazima skana. Kompyuta huigawa picha katika nyekundu, kijani na buluu, na kila nukta huipa hesabu yake. Basi nilitafuta katika kila picha kitu ambacho sina shaka kwamba kilikuwa cheupe, kama vile shati la mwanafunzi au ukurasa wa kitabu, nikapunguza wekundu mpaka kitu hicho kikarudia weupe wake. Kitu cheupe kilikuwa mizani yangu. Kikisimama sawa, aghalabu nyuso, majani na udongo navyo hurejea mahali pake.

Skana nyingine zina ujuzi wa ajabu. Hupitisha katika filamu mwanga usioonekana kwa jicho. Mwanga huo hupenya rangi lakini huzuiwa na vumbi na mikwaruzo, na hivyo mashine hujua mahali pa kusafisha. Walakini Kodachrome huikanganya mashine hiyo, kwa kuwa rangi zake huzuia sehemu ya mwanga huo. Mashine huweza kufuta mstari wa kweli kwa kudhani ni mkwaruzo. Hapo nilipata somo la kwanza: hata chombo kisicho na hila huweza kuiondoa kweli kwa kuidhania uchafu. Je, mwanadamu mwenye mapenzi na chuki atafanyaje?

Jibu nililipata mapema kuliko nilivyotazamia. Slaidi moja ilionyesha watu wanne wamesimama chini ya lile jiwe refu la Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega na Kisumu, ambalo watu huliita Jiwe Linalolia kwa sababu ya maji yanayotiririka juu yake. Mwalimu alikuwamo, na mkewe, na shemeji yake, na jirani mmoja. Kijana wa kwanza wa marehemu alinieleza kwamba jirani yule baadaye aliwashtaki kwa ajili ya mpaka wa shamba, kesi ikachukua miaka, na nyumba mbili zikawa hazisalimiani. Akaniomba nimwondoe. "Ni kubonyeza tu," alisema.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nilibonyeza. Kazi ilikuwa nyepesi, na wepesi wake ulinidanganya. Nilinakili kipande cha jiwe na kipande cha nyasi, nikafunika mahali aliposimama. Jicho la mgeni lisingetambua lolote, na mimi nilijivunia ustadi wangu.

Siku ya kupeleka picha, mjane wa mwalimu aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kitambo kirefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, yu wapi yule aliyetubebea maji siku ile?"

Kijana wake akamkumbusha habari ya kesi. Mama akajibu kwa upole, "Tulikosana naye baadaye. Siku ile hatukuwa tumekosana."

Sijapata kusikia hukumu fupi kuliko hiyo, wala ya haki kuliko hiyo. Picha ni mali ya siku yake. Ugomvi wa mwaka wa baadaye hauna ruhusa ya kurudi nyuma na kuua urafiki wa mwaka uliotangulia. Nilipomfuta jirani, sikumwadhibu yeye peke yake. Nilimnyang'anya mjane asubuhi moja ya ujana wake, na nilimfanya marehemu, ambaye ndiye aliyewapanga wale watu wanne, kuwa ameshuhudia jambo asilolishuhudia. Kwa bahati njema slaidi yenyewe ilikuwa salama sandukuni. Nilirudi nyumbani, nikaanza kazi upya, na jirani akarejea mahali pake.

Kosa langu lilikuwa dogo, lakini wakubwa wa dunia wamelifanya kwa kiasi kikubwa. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akitembea na bwana wake kando ya mfereji. Baada ya kuuawa mwaka 1940, alifutwa katika picha hiyo, na mahali pake pakabaki maji matupu. Hata pasipo chuki watu hufanya hivyo. Mwezi wa Februari 1982 gazeti la National Geographic la Marekani lilizisogeza piramidi za Giza zikaribiane, ili picha itoshe katika jalada lake. Mmoja alifuta kwa sababu ya woga na utawala, mwingine alisogeza kwa sababu ya urembo. Lakini wote wawili walimpa msomaji kitu ambacho kamera haikukiona.

Pengine utanipinga kwa kusema: kamera yenyewe ni ya kweli? Nakubali kwamba ni hoja nzito. Kwa miaka mingi biashara ya picha za rangi ilipimia kazi yake kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ikawa kipimo cha ngozi zote. Watu weusi waliopigwa picha katika jua kali, au kando ya watu weupe, mara nyingi walitoka kama vivuli vyenye meno. Katika sanduku la mwalimu nilikuta nyuso za namna hiyo. Je, nikiziangaza, nitakuwa nimedanganya?

Naona sivyo, na sababu yangu ni hii. Nilipoinua giza lile kwa kompyuta, macho, mikunjo ya paji la uso na tabasamu vilijitokeza. Sikuvitia mimi, vilikuwamo katika filamu, vimefunikwa tu. Kutoa kilichomo ni haki, na pengine ni fidia. Walakini ningeongeza weupe wa ngozi ili mtu apendeze kwa kipimo cha wengine, ningekuwa nimevuka mpaka, kwa maana ningetia kisichokuwamo.

Mpaka huo si wa ndani ya nyumba peke yake. Slaidi nyingine ilionyesha ukingo wa msitu wa Kakamega, masalio ya misitu ya mvua iliyounganika zamani na ile ya Kongo. Rangi ya kijani ilikuwa imekufa, nami nilishawishika kuikoza mpaka kila tawi linawiri. Lakini watu hutumia picha za zamani kupima msitu ulifika wapi na umepungua kiasi gani. Majani ninayoyaongeza leo kwa ajili ya urembo, kesho yatatoa ushahidi wa uongo juu ya shoka. Kadhalika palikuwa na picha ya wapiga ngoma za isukuti. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nikibuni rangi ya mavazi yao, watoto wataiga ubuni wangu wakidhani wanawafuata wazee wao.

Utauliza tena: huruma haina nafasi? Kama mtu alipigwa picha katika hali ya aibu, tumwonyeshe tu kwa jina la kweli? La. Picha ya kuaibisha inaweza kuwekwa kando isionyeshwe. Kunyamaza si kusema uongo. Shahidi ana ruhusa ya kutoitwa mahakamani, bali akiitwa, asifundishwe maneno.

Kuna na shida iliyo ngumu zaidi, nayo ni pengo. Katika slaidi tatu kuvu ilikuwa imekula kabisa. Katika moja ilikula sehemu ya mbingu, nikaijaza, na nyuma ya nakala nikaandika kwamba nimeijaza. Katika nyingine ilikula shavu na jicho la mtoto. Leo ziko programu za akili bandia zinazoweza kuunda jicho zuri kwa dakika moja. Lakini jicho hilo litakuwa la nani? Si la mtoto yule. Limekisiwa kutokana na macho ya maelfu ya watu ambao hawakupata kukanyaga Kakamega. Nililiacha pengo lilivyo. Jamaa walihuzunika kidogo, kisha mmoja wao akasema ni afadhali uso wenye kovu kuliko uso wa mgeni.

Kutokana na mambo hayo nimejiwekea kanuni, nawe zipime kwa akili yako mwenyewe. Ya kwanza: slaidi ya asili isitupwe kamwe, hata ikiwa nakala imependeza, maana ndiyo njia ya kurudi tunapokosea. Ya pili: kilichomo kitolewe, kisichomo kisitiwe, na kilichokuwamo kisifichwe. Ya tatu: kila badiliko liandikwe, ili ajaye baadaye ajue mkono wa kamera uliishia wapi na mkono wetu ulianzia wapi.

Kanuni hizi hazihusu slaidi tu. Wewe unayesoma maneno haya utasimulia habari za wazazi wako, za shule yako na za nchi yako, na kila utakaposimulia, kitufe cha kufutia kitakuwa chini ya kidole chako. Utashawishika kumwondoa aliyekukosea baadaye, na kuzikoza rangi za siku ulizozipenda. Siku hiyo mkumbuke mama wa Kakamega aliyeshika picha kwa mikono miwili, akamtafuta jirani aliyewabebea maji. Alikuwa na sababu ya kumchukia kuliko sisi sote, lakini hakutaka chuki yake imwibie kumbukumbu yake.