Doa Liko Hapa, Tundu Liko Kule

Somo: Mambo ya Walawi 14:33–48



Mvua za masika zimekolea, na katika kuwatembelea wagonjwa nimeoneshwa madoa mengi darini. Wenye nyumba husema bati limetoboka. Mara nyingi bati ni zima kabisa. Maji yanapita pale bomba la hewa la choo linapotokeza juu ya paa.

Bomba lile ni la plastiki, bati ni la chuma. Jua likiwaka, plastiki hutanuka kuliko chuma mara kadhaa. Usiku vyote husinyaa, kila kimoja kwa kiasi chake. Silikoni au lami iliyopakwa katikati huvutwa huku na huku kila siku, mpaka ipasuke. Ufa huo hudhuru zaidi ukiwa upande wa juu wa bomba, ambako maji yanayoteremka kutoka kwenye kofia ya paa hugonga na kutuama. Yakishaingia hayadondoki papo hapo. Hufuata papi, hushuka na kenchi, hufika ukutani, ndipo yaanze kutona. Kwa hiyo mtoto analowa kitandani, na tundu liko chumba cha pili.

Ndiyo maana fundi mwangalifu hatangulizi kopo la lami. Humweka mtu darini na tochi, kisha humwaga maji taratibu akianzia chini ya bomba. Husubiri dakika kadhaa, huhamia pembeni, husubiri tena, na upande wa juu huwa wa mwisho. Angeanzia juu, maji yangelowesha kote asijue yameingilia wapi. Nampenda sana fundi wa namna hiyo.

Kuhani wa Walawi alipewa kazi ya jinsi hii. Mwenye nyumba alimpelekea habari ya madoa ukutani, ya kijani au mekundu. Kabla hajaingia, aliagiza vyombo vyote vitolewe, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Akatazama, akaifunga nyumba siku saba, akarudi. Doa likiwa limeenea, ndipo mawe yalipong'olewa, kuta zikakwanguliwa, yakawekwa mawe mengine na lipu nyingine. Hakuna mahali alipoagizwa kupaka lipu juu ya doa. Na vile vyombo vinanigusa moyo: Mungu alijali mali ya watu kabla ya kuushughulikia ukuta.

Baraza la wazee huletewa madoa kila mara. Kijana ameacha kwaya. Mume na mke hawasemezani. Nasi twaenda na lami yetu: kijana anakemewa, wanandoa wanaombewa kwa haraka, tumemaliza. Huenda kijana yule hana nauli tangu baba yake aachishwe kazi, na hakuna aliyefika kwao kuuliza. Wazee wangu, nawasihi, nendeni nyumbani kwake kabla ya kumwita barazani. Kaeni. Mkirudi bila jibu, nendeni tena.

Wapo pia wanaochoshwa na uvujaji wakaziba mdomo wa bomba lenyewe. Msifanye hivyo. Bomba hilo hutoa hewa chafu ya shimo. Likizibwa, harufu hurudi ndani na choo hakishuki vizuri. Mvua inayoingia mdomoni mwake huishia shimoni bila madhara. Nyumbani nako, mke anayenung'unika mezani asinyamazishwe. Anayoyasema yana pa kwenda, yakisikilizwa.

Jumamosi vijana watapanda paa la bibi yetu mmoja mjane. Mpira mpya wa kuvisha bomba lake la hewa, wenye kitako cha alumini, umeshanunuliwa. Silikoni ya zamani itakwanguliwa yote na bati lifutwe mpaka likauke. Tundu la mpira litakatwa dogo kidogo kuliko bomba, ili ulikabe, na kitako kikae kimshazari, pembe moja ikielekea juu, maji yagawanyike pande mbili. Mwenye ngazi ndefu aje nayo saa mbili asubuhi. Akina mama, tunawaomba mtangulie mkamsaidie bibi kutoa vyombo chumbani.