Akiba na Maongozi ya Mungu

Mkatoliki asaliye Baba Yetu huomba mkate wa siku moja. Haombi wa mwezi, wala wa mwaka. Hata hivyo, akisha kuinuka alipopiga magoti, huenda akafunga ghala yake kwa kufuli, akahesabu magunia, akaificha karo ya mtoto wake mahali asipopajua mwizi. Je, mtu huyu amesali kwa ulimi tu? Swali si geni. Waswahili wana maneno mawili yanayovutana juu yake: husema kwamba akiba haiozi, na husema pia kwamba Mungu hamtupi mja wake. Aghalabu mtu hutumia neno la kwanza akiwa nacho, na la pili akiwa hana. Kwa hiyo shauri la maneno hayo mawili halijapata kukatwa.

Wako wadhanio kuwa kumtumaini Mungu ni kuacha kutazama mbele. Mafundisho ya Kanisa hayasemi hivyo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, aliuliza kama ni halali mtu kuyahangaikia mambo yajayo, akajibu kwa majira ya mkulima. Kila wakati una shughuli yake: kuvuna nafaka ni shughuli ya majira ya joto, na kuchuma zabibu ni shughuli ya majira yafuatayo. Mwenye kuhangaikia zabibu wakati wa kuvuna nafaka amejitwika mzigo ambao saa yake haijafika. Hakulaumu jembe wala ghala. Hata mdudu chungu, awekaye chakula kwa wakati wake, alimkubali kuwa mfano mwema. Mkulima wa Afrika ya Mashariki huufahamu mfano huu upesi, maana wakati wa palizi hapana mtu timamu akeshaye kulinda mavuno.

Jibu hilo ni zuri, lakini humtosha mtu mwenye shamba na majira yanayojulikana. Halijamfikia yule anayegongewa mlango na mgeni ambaye hakuwamo katika hesabu. Hapo ndipo tumaini linapopimwa, na kisa kimoja cha mji wa Torino, katika Italia, chaonyesha jinsi lipimwavyo.

Tarehe 2 Septemba 1827, mwanamke Mfaransa, Jeanne-Marie Gonnet, alikuwa mjini humo njiani pamoja na mumewe na watoto wao, naye alikuwa mjamzito na mgonjwa sana. Hospitali kubwa haikumpokea kwa sababu alikuwa mjamzito. Nyumba ya wazazi haikumpokea kwa sababu alikuwa mgonjwa. Kila mlango ulikuwa na kanuni yake, na kila kanuni, ikisomwa peke yake, ilikuwa na akili, maana ililinda watu waliokwisha kuwamo ndani. Mwanamke akafa. Padre aliyeitwa kumpa sakramenti za mwisho alikuwa Giuseppe Benedetto Cottolengo, mtu wa miaka 41, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amejulikana kwa jambo kubwa.

Mwezi wa Januari 1828 Cottolengo alifungua vyumba vichache vya kupokea watu waliokataliwa kwingine. Mwaka 1831 kipindupindu kilipohofiwa, wakuu waliamuru vifungwe. Mwaka 1832 akaanza tena pembeni mwa mji, mahali paitwapo Valdocco, akaliita kao lake Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu. Wakaingia viziwi, wenye kifafa, yatima, vilema na wenye akili dhaifu, hata udogo ukabaki katika jina tu. Hakutaka mapato ya kudumu wala fedha ya kulazwa kwa ajili ya kesho. Kilichoingia leo kilitumika leo.

Yafaa kutazama kwa makini alichokitenda, maana mara nyingi husimuliwa kana kwamba alikaa akingoja mkate ushuke. Hakukaa. Aliwapanga wakazi wa nyumba kwa jamaa, kila jamaa na walezi wake. Mwenye nguvu alipewa kazi. Alianzisha vyama vya watawa wa kuuguza, na vingine ambavyo kazi yao ilikuwa kusali. Sala ilihesabiwa miongoni mwa kazi za nyumba, sawa na kufua na kupika. Kanuni alikuwa nazo, pengine nyingi kuliko zile hospitali mbili. Ila wao walihesabu kwanza ndipo wafungue mlango, naye alifungua kwanza, ndipo akaenda kutafuta cha kuhesabu.

Wanaomsifu huruka sehemu moja upesi mno, nayo ni madeni. Wawia walimwandama, na mwoka mikate ana watoto pia. Padre akimtumaini Mungu kwa mkate usiolipwa, ni nani hasa aliyetumaini? Waswahili wamesema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kusali. Katika kumtetea yaweza kusemwa kwamba hakujitengea yeye mwenyewe fungu la siri huku akiwaambia wengine wangoje. Alikuwa wa kwanza kuingia katika hatari aliyowatia wenzake, na alikufa kwa homa mwaka 1842, mwenye miaka 55, mwili umechakaa kwa kazi. Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1934. Utetezi huo una nguvu, lakini haulifuti daftari la mwoka mikate, wala haupasi kulifuta. Mtu ana haki ya kukihatirisha kilicho chake. Cha mwenziwe sharti akiombe kwanza.

Kazi ya nyumba hiyo ilivuka bahari. Masista wake walifika Kenya mwaka 1903, wakiwafuata Wamisionari wa Consolata, waliotoka mji uleule wa Torino na kuanza utume wao Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwaka uliotangulia. Na huko Chaaria, Meru, iko hospitali yenye jina la Cottolengo. Lakini walio wengi katika waamini hawatafungua hospitali. Mlango wao ni mmoja, wa nyumbani, na anayegonga mara nyingi ni mtoto wa ndugu aliyekufa.

Siku ya arobaini jamaa hukutana kuamua nani amchukue. Mjomba husema mtoto ni mdogo mno, nyumbani kwake hapana mtu wa kushinda naye. Shangazi husema amekwisha kuwa mkubwa mno, hataweza kumwonya. Wa tatu ana watoto watano shuleni, na hasemi uongo. Hapana hata mmoja aliyesema neno baya, na mtoto ameketi ukumbini na mzigo wake, akikataliwa kwa sababu zenye akili, kama alivyokataliwa yule Mfaransa. Akitokea mmoja akasema, "Mwache aje kwangu," huwa hajapata fedha mpya kati ya mwanzo wa baraza na mwisho wake.

Basi huyo aliyemchukua naye atazame ni kwa mfuko wa nani alivyotumaini. Mume akimleta mtoto nyumbani bila kumwuliza mke ambaye ndiye atakayepika, atakayefua na kuamka usiku, ametoa sadaka ya jasho lisilo lake. Mfano mwingine ni wa kawaida zaidi, na labda kwa sababu hiyo hautajwi sana kanisani. Yuko mwajiri aendaye Misa kila alfajiri, atoaye mchango mnono kila Jumapili, na mshahara wa mpishi wake hufika tarehe kumi, au kumi na tano, kwa kuwa mpishi ni mtu mvumilivu na Mungu ni mwema. Usiku mpishi hurudi kwake, mkewe akamwuliza kama amepewa, akajibu bado. Kisha nao hupiga magoti pamoja na watoto wao, wakasali Baba Yetu, na wanapofika penye mkate wa kila siku, yule mdogo hufumbua macho akamtazama mamaye.