Kujifunza Kuanguka

Katika mchezo wa judo, ulioanzishwa na mwalimu Kano Jigoro huko Japani mwaka 1882, mwanafunzi hufundishwa kwanza kuanguka bila kuumia, ndipo afundishwe kumwangusha mwenzake. Mtu wa Salamabila, ashindaye machimboni au dukani, atauliza: yanihusu nini?

Yatuhusu sana. Kabla ya utumishi huu wa ukatekista nilikuwa karani wa ghala. Siku moja nilikosea hesabu ya mifuko. Kapita alipouliza mbele ya watu, niliogopa aibu, nikanyamaza, mwenzangu akafukuzwa. Wengine husema kukiri kosa mbele ya mkubwa ni woga. Mbona basi aliyetetemeka ni mimi niliyenyamaza? Juma lililofuata nilirudi kwa kapita, nikasema kweli. Mwenzangu alirudishiwa kazi. Mimi nikapoteza yangu.