Taulo Bila Beseni
Tarehe 10 Aprili 1952, siku ya Alhamisi Kuu, Malkia Elizabeth II aligawa sadaka ya kifalme ndani ya Westminster Abbey, London. Alikuwa na miaka 25, na ilikuwa imepita miezi miwili tu tangu arithi kiti cha baba yake akiwa ziarani Kenya. Picha za ibada ile zinamwonyesha na shada dogo la maua mkononi, nayo maua hayo yana kisa. Wafalme wa Uingereza walikuwa wakipiga magoti siku hiyo na kuwaosha maskini miguu, wakimfuata Yesu katika Injili ya Yohana. James II, mwaka 1685, hutajwa kuwa wa mwisho. Maua yenye harufu kali yalikuwa ya kukinga uvundo na maradhi. Miguu imeondoka, maua yamebaki. Makasisi nao bado hujifunga taulo za kitani juu ya majoho, ingawa hakuna tone la maji. Wanachopewa wazee wanaopokea sadaka hiyo ni vifuko vya ngozi vyenye sarafu ndogo za fedha.

Huu si unafiki? Mwislamu anayetayamamu kwa vumbi ana udhuru wa kukosa maji. Mfalme ambaye mto Thames unapita karibu na mlango wa kanisa ana udhuru gani? Hana. Lakini mnafiki huficha pengo lake, ilhali ibada hii inalianika: anayeiona taulo lazima aulize beseni liko wapi. Wangeiondoa na taulo, sadaka ingekuwa ukarimu wa mkubwa kwa mdogo, basi. Kwa kuwa ipo, inabaki kuwa deni lisilolipwa, na mdaiwa mwenyewe ndiye anayelitangaza kila mwaka.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kenya kwenyewe. Oktoba 20 mwaka uleule, hali ya hatari ilitangazwa huko chini ya taji hilohilo, na maelfu wakatiwa vizuizini. Taulo iliwafaa nini? Haikuwafaa kitu, na sidai kwamba ibada humzuia mtawala kudhulumu. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba humnyima kisingizio cha kutojua. Aliyekiri hadharani kwamba mamlaka ni kuosha miguu ya wanyonge anaweza kuhukumiwa kwa kukiri kwake, si kwa sheria ya wanaomshtaki peke yao.

Inabaki kamera. Injili ya Mathayo inakemea sadaka ya kujionyesha. Sura ya Al-Baqara inairuhusu ya wazi, ila inaisifu zaidi ya siri. Hapo nakubali kwamba picha huenda ikauharibu moyo wa mtoaji. Mwaka 1953, malkia alipotawazwa, kamera hazikuruhusiwa kuonyesha kupakwa kwake mafuta, kwa kuwa lilihesabiwa jambo takatifu mno. Sadaka haikufichwa hivyo, na naona ni sawa: anayekipokea kile kifuko ni raia, na raia ana haki ya kuiona taulo.