Adamu na Eva Hawakuachwa Kaburini



Mwaka fulani nilimkopesha rafiki karo ya watoto bila kumwambia mke wangu. Rafiki hakurudisha. Shule zilipofunguliwa jambo likajulikana, nami badala ya kukiri nikamlaumu yeye: eti angekuwa mwangalifu na pesa za nyumbani, nisingehangaika kutafuta faida. Wiki tatu tulikula meza moja bila kuzungumza.

Siku hizo nilikuwa nikitayarisha somo la wakatekumeni juu ya dhambi ya asili, na paroko akaniazima kitabu cha picha takatifu. Ya kwanza ilichorwa ukutani na kijana Mwitalia, Masaccio, katika miaka ya 1420, kwenye kikanisa cha Brancacci mjini Florence. Adamu na Eva wanafukuzwa bustanini. Adamu amefunika uso kwa mikono miwili. Eva anajisitiri mwili, kinywa wazi, analia. Wanatembea bega kwa bega, lakini hakuna anayemtazama mwenzake. Nikakumbuka Mwanzo sura ya 3, jinsi Adamu alivyomsukumia mkewe lawama mbele ya Mungu. Uso ule uliofunikwa ulikuwa wangu.

Tena, katika karne ya 17 watu waliona haya kwa uchi ule, wakaupaka majani. Picha iliposafishwa katika miaka ya 1980, majani yakaondolewa. Sisi waume ni mafundi wa majani: "Nimechoka," "Hayo niachie mimi," "Tutaongea kesho."

Picha ya pili iko Istanbul, Uturuki, katika jengo lililokuwa kanisa la monasteri ya Chora. Ilichorwa kati ya mwaka 1315 na 1321. Bwana Yesu ameshuka kuzimu. Milango imevunjika chini ya miguu yake, kufuli na funguo zimetapakaa. Kwa mkono wa kuume anamvuta Adamu kutoka kaburini, kwa wa kushoto anamvuta Eva. Hakuwashika viganja, bali vifundo vya mikono. Mimi naona ni kwa sababu maiti haina nguvu ya kushika. Wala hakumtoa mmoja na kumwambia mwingine angoje. Wale waliotoka bustanini kila mtu na kilio chake, wanatoka kaburini pamoja.

Usiku ule nilimwambia mke wangu yote: kiasi cha pesa, jina la rafiki, na kwamba lawama yangu ilikuwa ya uongo. Nikamwomba msamaha. Jumamosi nilikwenda kuungama. Hakunijibu upesi, wala hakupaswa. Wako waume wanaoomba msamaha kama mtu anayelipa nauli, wanataka chenji papo hapo. Alimaliza kuosha vyombo, akajifuta mikono, akaketi.

"Baba watoto," akasema, "karo iliyobaki ni ngapi?"

Nikamtajia. Akaenda kuleta daftari la maziwa.