Ujasiri Usiongoja Sare

Soma Luka 10:25–37. Kati ya watu watatu waliopita njia ile, ni nani ambao kwa cheo chao walitazamiwa kumhudumia majeruhi? Ni nani aliyemhudumia?

Mkazi wa Bagamoyo anajua jinsi moto unavyoruka kutoka paa moja la makuti hadi jingine upepo wa bahari unapovuma. Gari la zimamoto likiwa bado njiani, majirani wamekwisha kukusanyika. Hapo swali huzuka: kuokoa ni kazi ya nani? Askari ameapa na kufunzwa. Akiingia kwenye moshi, twasema ametimiza wajibu wake. Jirani hakuapa. Je, akisimama tu akitazama, ana hatia?

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu na uwanja wa Bukoba. Wavuvi waliwahi kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, aliumia akijaribu kuwafikia marubani, akazindukia hospitalini. Watu 24 waliokoka. 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Baadaye, kwa agizo la Rais Samia Suluhu Hassan, kijana huyo alichukuliwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sare ilikuja baada ya tendo. Jeshi humpa mtu mafunzo na vifaa. Moyo kijana yule alikwenda nao. Na wale aliowaendea hawakupona. Je, alijisumbua bure? Msamaria naye alimwaga mafuta na divai kabla ya kujua kama majeruhi yule angeishi. Upendo hauombi kwanza kuhakikishiwa matokeo.

Hatusemi kwamba kila mtu ajitupe motoni. Asiye na mafunzo aweza kuwa mtu mwingine wa kuokolewa. Lakini kupiga simu 114, kuulizia kama watoto wote wametoka, kulionyesha gari njia: hayo yamo mikononi mwetu. Kuhani na Mlawi hawakulaumiwa kwa kukosa nguvu. Walimwona mtu, wakapita kando.

Maswali ya kujadili:

1. Ni hatari gani iliyo karibu na nyumba yako ambayo umekuwa ukiiachia "wahusika"?

2. Twawezaje kutofautisha busara na woga uliovaa vazi la busara?