Adui wa Asili

Katika masomo ya kilimo kuna istilahi ambayo wanafunzi huikariri bila kuitilia shaka: adui wa asili. Maana yake ni kiumbe anayemla, anayemuua au anayemdhoofisha mdudu anayetusumbua. Mjusi ni adui wa asili wa mende, buibui wa nzi. Kwa kujibu mtihani inatosha. Mimi nina ugomvi na neno lake la mwisho.

Kwetu Rudewa, wilayani Kilosa, mvua za masika zikishika, siafu huhama. Hukatiza uani kwa mstari mnene kama kamba iliyolowa, na wale wakubwa wenye mataya husimama kandokando kama askari wa doria. Kuku aliyefungwa mguu hana pa kukimbilia, wala mtoto mchanga aliyelazwa mkekani. Kwa hiyo hakuna mtu wa kwetu anayewaonea siafu huruma ya vitabuni. Bibi ana utaratibu wake. Vifaranga huondolewa kwanza, watoto wanapelekwa kwa jirani, kisha majivu ya moto yanamwagwa kuzunguka banda la kuku. Nyumba yenyewe anaiacha wazi. Siafu wanaingia, wanakula mende, nge na vitoto vya panya darini, wakimaliza wanakwenda zao. "Waache, hao wapita njia," husema. Jirani yake, kijana mwenye mtoto wa wiki tatu, hanunui falsafa hiyo; ananunua sumu ya unga dukani na kuinyunyiza mlangoni. Siwezi kumlaumu.

Siafu ni nani hapo? Kwa mende ni adui wa asili, kwa kifaranga vilevile. Kwa bibi ni suala la mlango upi ufungwe na upi uachwe wazi. Asili haijasema nani yuko upande wa nani. Pande zimepangwa na mwenye ua.

Wamarekani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Chungu wekundu kutoka Amerika Kusini, ambao wao huwaita chungu wa moto kwa jinsi wanavyouma, waliingia kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930. Mwaka 1957 serikali ikaanza kumwaga dieldrini na heptakloro kutoka angani ili kuwafuta kabisa. Ndege na wanyama wa porini wakafa, na Rachel Carson akaiandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962. Chungu wapo hadi leo. Baadaye wataalamu wakaenda kwao Amerika Kusini kutafuta adui zao, wakarudi na nzi wadogo sana ambao buu wao hukua ndani ya kichwa cha chungu mpaka kichwa kikadondoka. Njia ya pili inasikika safi kuliko ya kwanza, nami naamini ni bora. Ila nzi hao hawakujileta wenyewe. Mtu aliwafuga, akawasafirisha, akachagua wapi wafunguliwe.

Kisa cha hapa kwetu kinanivutia zaidi. Kwenye minazi ya pwani na Zanzibar wapo majimoto, chungu wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu wao. Mapema katika miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza M. J. Way alichunguza Zanzibar kwa nini nazi changa zinadondoka. Mhalifu alikuwa mdudu anayefyonza vidaka, na minazi yenye majimoto wengi ilisalimika. Adui wa asili huyo, safi kabisa. Tatizo ni kwamba majimoto nao wana adui: chungu wadogo wa ardhini, wenye askari wa vichwa vikubwa, ambao huwafukuza mitini. Basi miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti wa minazi nchini wakajaribu chambo cha sumu dhidi ya hao wa ardhini, ili majimoto wapate nafasi ya kuenea. Chambo chenyewe kilikuwa kimetengenezwa Marekani kwa ajili ya chungu wa moto.

Nyuma ya ushindi wa asili, kumbe, palikuwa na mfuko wa sumu. Sisemi walikosea, nazi ni chakula na ni ada ya shule. Nasema tu kwamba palikuwa na uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Unaweza kumuuliza kwa nini hawa na si wale. Unaweza pia kumuuliza kama alimkumbuka mkwezi, maana ndiye anayepanda mnazi uliojaa majimoto na kushuka amevimba.

Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi ni mtu wa Rudewa. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji. Nilikuwa sijaanza kutembea. Nimekua nikisikia kisa hicho kikifungwa kwa sentensi moja, iwe kwenye basi, iwe kijiweni: mkulima na mfugaji ni maadui wa asili, kama paka na panya. Husemwa kwa upole, hata na watu wema, kana kwamba ni maelezo.

Paka hapelekwi mahakamani. Ukisema asili, umemwachia huru aliyeshika silaha siku ile. Papo hapo umewatia hatiani maelfu ya wafugaji ambao hawakumgusa mtu. Na yule aliyegawa ardhi humtaji kabisa. Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah, walipochapisha utafiti wao kuhusu mauaji hayo mwaka 2009, walizungumzia sera zinazowasukuma wafugaji pembeni, maeneo ya malisho na maji, na rushwa. Hayo yote yana tarehe na sahihi za watu.

Safari yangu ya mwisho kwenda nyumbani, mzee mmoja ndani ya basi aliitamka tena ile sentensi ya paka na panya. Nikamuuliza, "Shikamoo mzee, kabla ya hapo ng'ombe walikuwa wanakunywa wapi?" Akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo. Kisha akaanza kunitajia mabwawa, mashamba ya mkonge, na viongozi wa zamani mmoja mmoja, na tulipofika Kilosa mjini alikuwa hajamaliza.